Kidole, kalamu na mkono wa mjomba

Nimekuwa kimya kwa muda, si ugonjwa wala safari, ni kazi tu. Leo nataka kuzungumzia vioo vya kugusa, hasa vile vinavyotambua kidole na kalamu ya kielektroniki kwa pamoja. Najua kuna watakaosema hayo ni mambo ya wachoraji na watu wa maofisi makubwa ya Nairobi. Hata mimi nilidhani hivyo. Aliyenibadilisha ni mjomba wangu, ambaye hajui hata neno "tableti" linaandikwaje.

Kwanza kisa, halafu tutaingia kwenye ufundi.

Mimi huandika programu, na ninaishi hapa Voi, mji wa reli chini ya mlima Sagalla, ambako ukifungua dirisha saa sita mchana unakaribisha joto na vumbi jekundu kwa mpigo mmoja. Upande wa Mwatate kuna chama cha kuweka na kukopa ambacho mama yangu ni mwanachama. Watu wake ni kama arobaini hivi. Wengi ni wazee, wakulima wa mahindi na pojo, na wengine ni watu waliomaliza nguvu zao katika mashamba ya mkonge. Kila Disemba hukaa chini ya mwarobaini na kugawana akiba. Jina lako linaitwa, kiasi chako kinasomwa, unatia sahihi, unapewa pesa yako.

Daftari lao lilikuwa limeanza kuliwa na mchwa. Mama mweka hazina akaniuliza kama naweza kuwatengenezea kitu cha kisasa. Kikundi kilikuwa tayari kimenunua tableti ya bei nafuu. Nikasema, hiyo tu? Ndani ya wiki mbili programu ilikuwa tayari. Jina, kiasi, na chini yake kisanduku cha kutia sahihi kwa kidole. Malipo yangu yalikuwa chai na viazi vitamu, na sikulalamika.

Sasa nisikilizeni vizuri, maana hapa ndipo nilipokosea. Nilihofia mtu ataparuza kioo kwa bahati mbaya na programu ihesabu kwamba ametia sahihi. Kwa hiyo nikaweka sharti kwamba mstari wenye nukta chache kuliko ishirini ukataliwe. Tena nikaongeza sharti la pili. Jioni orodha ikifungwa, yeyote asiye na sahihi aandikwe "hakufika", na pesa yake irudi kwenye mfuko hadi mkutano ujao, kama kanuni za chama zinavyosema. Nilijiona mjanja kweli kweli.

Siku ikafika. Vijana wakatia sahihi kwa madaha. Kisha likaitwa jina la mjomba.

Mjomba alikata mkonge zaidi ya miaka ishirini. Anayeujua mkonge anajua maji yake yanavyowasha na miba yake inavyochoma. Ngozi ya vidole vyake ni ngumu kama soli ya kiatu. Kuandika alijifunza ukubwani, kwenye madarasa ya ngumbaru, na sahihi yake ni kitu anachokipenda kama watu wengine wanavyopenda saa ya mkononi. Akaketi vizuri, akanyoosha kidole, akaandika polepole jina lake lote.

Kioo hakikuonyesha chochote.

Akarudia kwa kubonyeza zaidi. Zikatokea nukta mbili tatu, na programu yangu ikamjibu kwa herufi nyekundu kwamba sahihi haijakamilika. Akarudia tena. Watu wakaanza kucheka, si kwa ubaya, lakini walicheka. Mweka hazina akamwambia, "Mzee, weka dole gumba tu, tuendelee." Mjomba akajibu, "Dole gumba niliacha zamani, mama."

Baada yake akaja bibi mmoja ambaye kwake dole gumba halikuwa na neno. Akakandamiza kioo kwa nguvu kama unavyokandamiza kile kipande chenye wino, akainua kidole, akakitazama kuona kama kimepata rangi. Nukta moja. Programu ikamkataa naye.

Jumla walikuwa watu sita. Mweka hazina ni mwanamke mwenye akili. Alitafuta karatasi, wakatia sahihi kwa kalamu ya wino, wakapewa pesa zao kabla giza halijaingia. Lakini programu haikujua habari ya karatasi. Kwenye mkutano wa Januari taarifa ilisomwa kama ilivyochapishwa, majina sita, "hakufika", "hakufika". Mjomba akasimama mbele ya watu wote akasema, "Mimi nilikuwepo." Akaketi.

Baadaye alinishika bega akaniambia, "Mpwa wangu, huyo mtu wako aliye ndani ya kioo hanioni." Huyu ndiye aliyenilipia karo ya sekondari, kwa pesa iliyotoka kwenye mkono ule ule. Sikulala vizuri usiku huo.

Haya, sasa tuingie kwenye ufundi. Kwa nini kioo hakikumwona?

Vioo vya simu na tableti nyingi za leo havihisi mgandamizo. Ndani yake kuna wavu wa nyaya nyembamba mno, zisizoonekana kwa macho, zenye umeme kidogo sana. Mwili wa binadamu una maji na chumvi, kwa hiyo unapitisha umeme. Kidole kikikaribia, kinavuta sehemu ndogo ya chaji ya pale kilipo. Chipu inayopitia wavu ule mara nyingi kila sekunde inaona pengo hilo na kusema, hapa kuna kidole. Ngozi ikiwa nene na kavu, pengo linakuwa dogo, na chipu inadhani ni kelele tu za umeme. Ndiyo maana kubonyeza kwa nguvu hakumsaidii sana mtu kama mjomba. Ni kama kumpigia kelele mtu ambaye tatizo lake ni kwamba hakuoni.

Haikuwa hivi tangu zamani. Mnakumbuka vile vifaa vya Palm vilivyoanza mwaka 1996, na simu za kugusa zilizokuja baadaye zikiwa na kijiti chake pembeni? Vile vilikuwa na tabaka mbili zilizotenganishwa kidogo, ukibonyeza zinagusana. Havikujali umebonyeza kwa ukucha, kwa kijiti au kwa njiti ya kiberiti. Mjomba angeandika bila shida. Mwaka 2007 ikaja iPhone, Steve Jobs akaikejeli kalamu mbele ya dunia nzima, na watengenezaji wengine wakafuata njia hiyo ya chaji. Tulipata kioo chepesi cha kugusa kwa vidole viwili na zaidi kwa wakati mmoja. Lakini hakuna aliyekuja Mwatate kuuliza kama vidole vyetu vinafaa.

Nilijaribu njia tatu.

Ya kwanza ilikuwa maji. Kidole chenye unyevu kinasomeka vizuri zaidi, na mjomba mwenyewe aligundua hilo kwa kulamba kidole kama anayehesabu noti. Ilisaidia kidogo. Lakini tone likibaki kwenye kioo, nalo linavuruga chaji, na mstari unaanza kuruka huku na huko. Kwa joto letu la Voi, jasho la mtu wa kwanza lilikuwa tatizo la mtu wa pili. Na jambo jingine ambalo mafundi wa simu wanalijua: ukichomeka chaja mbovu, umeme wake mchafu unaweza kukifanya kioo kihisi vidole visivyokuwepo. Basi hebu fikiria, vidole vya hewani kilivihisi, vya mjomba hakikuvihisi!

Njia ya pili ilikuwa ile kalamu yenye ncha ya mpira laini inayouzwa na wachuuzi pamoja na kava za simu. Hii si kalamu ya kielektroniki. Ni kidole bandia. Mpira wake unapitisha umeme na ncha yake ni pana, kwa hiyo kioo kinadhani ni kidole cha kawaida. Mjomba alipoishika, mstari ukatokea! Nikafurahi kwa sekunde tatu hivi. Kisha akafanya kile ambacho kila mtu aliyefundishwa kuandika kwenye karatasi hufanya. Alilaza ubavu wa kiganja chake kwenye kioo.

Kumbe ngozi ya pale si ngumu kama ya vidole. Kiganja kikasomeka vizuri kabisa, ukurasa ukateleza, jina la mtu mwingine likafunguka, na sahihi yake ikawa na mkia kama wa nge. Kwa kioo cha namna ile, kiganja na ncha ya mpira ni kitu kimoja, vidole viwili tu. Ningeweza kumwambia mjomba aandike mkono ukiwa hewani. Jaribu wewe mwenyewe uone kama sahihi yako itafanana.

Njia ya tatu ndiyo iliyonipeleka kwenye mada ya leo. Nilipanda gari hadi Mombasa nikanunua tableti iliyotumika, Samsung Galaxy Tab A ya mwaka 2016, toleo lile lenye kalamu inayoingia ubavuni. Kwa nje ni kioo kimoja. Kwa ndani kina vihisio viwili tofauti kabisa. Juu kuna ule wavu wa chaji unaohisi vidole. Nyuma ya kioo, mahali usipoweza kuona, kuna bodi nyembamba yenye koili nyingi zilizopangwa kwa safu. Teknolojia hii ni ya kampuni ya Wacom ya Japani, ambayo imekuwa ikitengeneza vibao vya kuchorea tangu miaka ya 1980.

Inafanyaje kazi? Bodi ile hutoa mawimbi ya sumaku. Ndani ya kalamu kuna koili ndogo na kapasita, hakuna betri. Mmewahi kuona ngoma mbili zilizowambwa sawa? Ukiipiga moja, ya pili iliyo karibu hutetemeka bila kuguswa. Ndivyo ilivyo kalamu hii. Inapokea nguvu kutoka kwa bodi, inatetemeka kwa mdundo wake wenyewe, kisha bodi inanyamaza na kusikiliza. Koili zinazosikia kwa nguvu zaidi ndizo zinazoonyesha kalamu iko wapi. Ukikandamiza ncha, mdundo unabadilika kidogo, na kioo kinajua umeandika kwa nguvu au kwa wepesi. Hata kalamu ikiwa bado juu ya kioo, sentimita moja hivi, bodi imeshaisikia.

Katika haya yote, ngozi ya mwandishi haihusiki. Umeme wa mwili wake hauhusiki. Mkono uwe mkavu, uwe na jasho, uwe na glavu, kalamu inajitambulisha yenyewe.

Kuna na aina ya pili ya kalamu, tuitaje kwa ufupi. Kampuni ya N-trig ya Israeli ilitengeneza kalamu yenye betri inayotuma ishara kwenye wavu ule ule unaohisi vidole. Kompyuta ya Dell Latitude XT, iliyotoka mwishoni mwa 2007, ilitumia kihisio chao kwa vidole na kalamu pamoja. Mwaka ule ule Jobs anaikejeli kalamu, wengine walikuwa wanairudisha kwa mlango wa nyuma. Microsoft iliinunua teknolojia hiyo mwaka 2015, na mwaka huo huo Apple wenyewe wakaleta Apple Pencil. Dunia ni mduara, au siyo?

Lakini kununua kifaa hakukutosha. Ilibidi niandike programu upya, na hapa ndipo nilipojifunza zaidi.

Tangu Android 4.0 ya mwaka 2011, programu inaweza kuuliza kila mguso, wewe ni nani? Itajibiwa TOOL_TYPE_FINGER au TOOL_TYPE_STYLUS. Wanaotengeneza kurasa za tovuti nao wana kiwango cha Pointer Events kilichoidhinishwa na W3C mwaka 2015. Humo unauliza pointerType na unajibiwa kama ni kidole, kalamu au kipanya. Programu yangu ya kwanza haikuuliza kamwe. Ilichukulia kwamba kila kitu ni kidole cha kijana.

Safari hii nikaipa kalamu kipaumbele. Kalamu ikisikika, miguso yote ya ngozi inapuuzwa, kiganja kilale kinavyotaka. Nikadhani nimemaliza. Nikamkalisha mjomba jikoni kwa mama kufanya majaribio, na bado ukurasa ukateleza. Nikamtazama vizuri mara tano, sita. Kumbe yeye hulaza kiganja kwanza, anakitafutia mahali pazuri, anatazama kisanduku, ndipo anashusha kalamu. Wakati huo programu imeshakipokea kiganja kama kidole halali. Ikabidi niongeze kanuni kwamba mguso wowote wa ngozi ulioanza kabla ya kalamu na bado upo ufutwe, na kila ulichofanya kirudishwe kama kilivyokuwa. Kanuni yenyewe ni mistari kumi na mbili. Sikuipata kwenye kitabu, niliipata kwa kumtazama mzee akiandika.

Vidole navyo havikufukuzwa. Kufungua ukurasa na kutafuta jina bado ni kwa kidole, na anayependa kutia sahihi kwa kidole atie. Huu ndio uzuri wa kioo chenye vihisio viwili, humlazimishi mtu awe na mkono wa aina moja. Na yule bibi wa dole gumba? Kwake kalamu haikuwa jibu, maana hakupata nafasi ya kwenda ngumbaru. Kioo cha kugusa hakisomi alama za kidole, hiyo ni kazi ya kihisio kingine kabisa. Kwa hiyo anaweka alama ya msalaba kwa kalamu, shahidi mmoja anatia sahihi pembeni, na lile sharti la nukta ishirini nimelitupa.

Disemba iliyofuata tulikutana tena chini ya mwarobaini. Kalamu nilikuwa nimeifunga kwenye kava kwa kamba ya katani ili isipotee. Mjomba alipoiona kamba akatabasamu, maana anajua ilikotoka. Akalaza kiganja, akatulia kama kawaida yake, akaandika jina lake lote bila kuinua mkono, na mkia chini yake. Mweka hazina akahesabu noti. Hakuna aliyecheka wala kupiga makofi, foleni ikaendelea. Hivyo ndivyo nilivyotaka.

Sisemi kwamba kila chama kikanunue tableti ya kalamu. Bei yake ni kubwa kuliko ya zile za kawaida, kalamu hupotea, na ncha yake ya plastiki huisha kama soli. Kama una tableti ya kawaida na vidole vinakataa, kalamu ya mpira pamoja na programu iliyoandikwa kwa uangalifu itakufikisha mbali.

Jambo ninalotaka mwondoke nalo ni lile neno "hakufika". Kioo hakikusema hivyo. Kioo kilisema tu kwamba hakikuhisi chaji ya kutosha. Mimi ndiye niliyetafsiri "sikuhisi" kuwa "hakuwepo", nikaandika hivyo ndani ya programu, na programu ikamsomea mzee mbele ya majirani zake.

Nalisema kwa sababu mambo haya yamekuwa makubwa kuliko chama chetu. Sensa ya Agosti 2019 ilikuwa ya kwanza Kenya kufanywa kwa tableti badala ya karatasi, na kaunti yetu ya Taita Taveta ilihesabiwa watu 340,671. Pale aliyeshika kifaa alikuwa karani, mwananchi alijibu kwa mdomo tu, kwa hiyo ugumu wa vidole vyake haukumzuia kuhesabiwa. Kwenye uchaguzi wa 2017 na wa 2022 wapiga kura walitambuliwa kwa vifaa vya kusoma alama za vidole. Sheria ya uchaguzi ilikuwa imeongezewa kifungu cha 44A mapema 2017, kinachotaka kuwe na njia nyingine pale teknolojia inaposhindwa. Yaani hata bunge lilikumbuka kwamba mashine inaweza kutomwona mtu aliyesimama mbele yake. Mimi, mtoto wa hapa, nilisahau.

Siku hizi kwenye programu zangu hakuna tena neno "hakufika" linaloandikwa na mashine. Kuna "kifaa hakikusoma", na chini yake kitufe cha mtu kuthibitisha kwa macho yake. Mjomba nilimwonyesha badiliko hilo. Akalisoma polepole kwa sauti, akanirudishia tableti, akasema, "Hapo sasa ni ukweli."

Kama nawe unaandika programu za kugusa, wiki hii tafuta mtu mwenye mkono uliofanya kazi, mpe kifaa chako, kaa kimya umtazame. Kisha niandikie uniambie umeona nini. Tutaonana tena, Mungu akipenda, kabla ya kimya kingine kirefu.